Muulize majina kwanza: jinsi ya kuandika utumishi wa mzee aliyekuwa kamanda vitani

Nina duka la steshenari hapa Mtwara mjini. Mashine mbili za fotokopi, printa moja, na kompyuta ambayo herufi P yake haiandiki mpaka uigonge. Nachapa maombi ya kazi, risala za harusi, mikataba ya mashamba ya mikorosho, na barua za wastaafu wanaofuatilia mafao. Hao wastaafu ndio walionifungua macho. Mzee aliyetumikia jeshi miaka 28 ukimwambia aeleze utumishi wake, atakupa namba yake ya jeshi, tarehe ya kuandikishwa, cheo alichoishia na tarehe ya kustaafu. Mistari minne. Ukimuuliza kama kuna la ziada atakwambia, "Hayo yanatosha, mwanangu, chapa."

Mjomba wangu naye angeishia kwenye mistari minne. Ni Meja mstaafu wa askari wa miguu, anaishi Newala, ameongoza platuni (askari thelathini na kitu) Uganda na kombania (mia na kitu) Msumbiji. Sisi ni Wamakua na ukoo tunauhesabu upande wa mama, kwa hiyo kazi ya kuandika mambo yake iliniangukia mimi mpwa wake, ingawa watoto wake wawili wana digrii na mimi nina cheti cha uhazili. Ilinichukua miezi kumi na minne. Zikatoka kurasa 84, nikazibaindi mwenyewe dukani. Tangu watu wauone mswada ule wananijia: babu yangu alikwenda Kagera, baba yangu alikuwa Msumbiji, hataki kusema kitu, wewe uliwezaje? Basi naandika hapa niliyojifunza, pamoja na niliyoyaharibu.

Kabla hujapanda gari

Tengeneza karatasi ya tarehe. Moja tu, inayokunjika mfukoni. Yangu ilianza na 1 Septemba 1964, JWTZ lilipoundwa baada ya maasi ya Tanganyika Rifles ya Januari mwaka huo. Ikafuata mwishoni mwa Oktoba 1978, majeshi ya Idi Amin yalipoingia Kagera. 2 Novemba, Mwalimu alipolihutubia taifa. Januari 1979, Mutukula. 24 Februari, Masaka. 10 na 11 Machi, Lukaya. 11 Aprili, Kampala. 3 Juni, mpaka wa Sudan, vita vikaisha. Chini yake nikaandika 19 Oktoba 1986, ndege ya Rais Samora Machel wa Msumbiji ilipoanguka, kisha 1988, mwaka vikosi vyetu vilivyokuwa Zambezia, huko Msumbiji, viliporudi. Mzee wako labda hakuwapo kokote huko. Labda alikuwa Comoro mwaka 2008, au Kongo mwaka 2013 na brigedi ile ya Umoja wa Mataifa iliyowapiga waasi wa M23. Andika ya kwake.

Kando ya tarehe za vita weka za nyumbani, maana wazee wengi hawakumbuki mwaka, wanakumbuka tukio. Azimio la Arusha, 1967. Kuuawa kwa Karume, Aprili 1972. Kuhamia vijijini, miaka ya 1973 hadi 1976. Mjomba hakukumbuka kabisa mwaka aliopata ukapteni, ila alikumbuka kwamba mkewe alikuwa anamshonea beji mpya wakati redio inatangaza kifo cha Waziri Mkuu Sokoine. Hiyo ni 12 Aprili 1984. Tulipoipata barua ya kupandishwa cheo ilikuwa ya Machi mwaka huohuo.

Hata umri hutafutwa hivyo. Makaratasi ya jeshi yanasema Mjomba alizaliwa 1950. Bibi, Mungu amrehemu, alikuwa akisema kimbunga cha Lindi kilipita yeye akiwa na mimba yake, na kimbunga kile kilikuwa Aprili 1952. Nilimpigia hesabu mbele yake. Akacheka mpaka akakohoa. Kumbe mwaka 1969 alipokwenda kujiandikisha alijiongezea miaka miwili ili asirudishwe nyumbani. Tumeandika zote mbili, ya jeshi na ya Bibi.

Usiende msimu wa korosho. Juni wanapuliza salfa, dawa ya mikorosho, Septemba zinaanza kudondoka, Oktoba minada inafunguliwa, na mzee mwenye mikorosho akili yake yote iko chama cha msingi cha ushirika. Mimi nilikwenda Machi. Mvua ilikuwa haijakatika, na safari moja gari lilikwama kabla hatujaumaliza mlima wa Newala tukalala njiani, lakini ndio mwezi aliokuwa na nafasi.

Vifaa ni vichache: kaunta buku kubwa, kalamu mbili, simu ya kurekodia, pawabenki, na ramani. Kaunta buku ni kwa sababu wino hauishiwi chaji. Rekodi yangu ya kwanza, saa mbili nzima, ilipotea kwa sababu simu ilikuwa imejaa picha za sherehe ya unyago ya mtoto wa dada, nami sikuangalia. Sikuthubutu kumwambia Mjomba. Niliyoyaokoa ni yale tu niliyokuwa nimeyaandika kwa mkono, kama kurasa tatu. Sasa nikianza kurekodi, baada ya dakika mbili nasimamisha, nasikiliza, ndipo naendelea.

Ramani nilichapa dukani, karatasi nne za A4 nikaziunganisha kwa gundi: kutoka Bukoba, Kyaka, Mutukula, Masaka, Lukaya, Mpigi, hadi Kampala. Ilifanya kazi kuliko kitu chochote nilichobeba. Ofisa wa jeshi ukimwekea ramani mbele, mkono wake hautulii.

Yasiyoulizwa

Hapa sitakaa sana, lakini usipite bila kusoma. Mzee kustaafu hakumfungui kiapo, na Sheria ya Usalama wa Taifa ya 1970 ipo. Kambi za sasa, silaha za sasa, nani yuko wapi, mipango ya ulinzi ya mpaka wetu huu wa Ruvuma: achana nayo. Mwambie tangu siku ya kwanza kwamba hayo huyataki. Utaona mabega yake yanashuka. Wazee wengi wananyamaza wakihofia watateleza, si kwamba hawana la kusema.

Na ukikuta kombati yake ya zamani kwenye sanduku, usiivae upige picha. Kijana mmoja aliniletea picha ya namna hiyo nimchapie kwenye fulana. Nilimrudishia flashi yake.

Swali la "uliua wangapi" ndilo ambalo mtoto wa kaka yangu aliliuliza, ana miaka kumi na moja, tukiwa kwenye chakula. Mjomba aliendelea kula. Kisha akasema, "Mimi nilikuwa nahesabu wa kwangu." Sikuelewa siku ile. Niliandika tu pembeni ya daftari.

Mwache amalize hotuba ya Mwalimu

Kila mzee wa Kagera ataanza pale: uwezo tunao, sababu tunayo, nia tunayo. Ataisema kwa sauti ya Mwalimu, na kidole juu. Mwache, msikilize, hata kama ni mara ya nne. Hotuba ile ni mali ya nchi nzima, na mtu anaanza kusimulia kwa kitu anachojua hakitapingwa na yeyote.

Baada ya hotuba atakupa vita kama vilivyo kwenye magazeti: tulivuka, tukapiga, tukateka. "Tulivuka" nani? Hapo ndipo nilipopoteza ziara mbili. Nilikuwa nauliza, "Vita vilikuwaje?" naye anajibu, "Vita ni vita." Nikauliza, "Ulijisikiaje?" akaniangalia kama mtu aliyeulizwa bei ya mbingu.

Ziara ya tatu, kwa kukosa la kuuliza, nikamwambia, "Mjomba, platuni yako ilikuwa na watu wangapi?"

"Thelathini na watatu."

"Wakiitwa nani?"

Alinyamaza muda mrefu. Tulikuwa chini ya mkorosho nyuma ya nyumba, kuku wanaparua. Kisha akachukua kalamu mkononi mwangu, akachora mistari mitatu kwenye kaunta buku, akasema hizi ni seksheni. Akaanza kutaja kwa mpangilio waliokuwa wakitembea, wa mbele hadi wa nyuma. Alipokwama kwenye jina, aliacha mstari mtupu akaruka kwa mwingine. Siku hiyo alinipa majina kumi na tisa, na nyuma ya kila jina kulikuwa na kisa.

Basi ukichukua moja tu kutoka kwangu, chukua hili. Mtu aliyeongoza platuni amebeba platuni kichwani, na kumbukumbu zake zimepangwa kwa watu wake kuliko kwa mapigano. Kwa hiyo chora mwenyewe kabla hujaenda. Seksheni ni watu kama kumi, inaongozwa na koplo. Seksheni tatu ni platuni, inaongozwa na luteni usu au luteni, na msaidizi wake ni sajini, ambaye kwa kweli ndiye anayemfundisha luteni kazi. Platuni tatu na wa ziada ni kombania, watu mia na kitu, chini ya kapteni au meja. Kombania kadhaa ni batalioni ya luteni kanali. Juu yake brigedi, kisha divisheni. Acha mistari mitupu ya kutosha. Usimharakishe kuijaza.

Katika platuni ile kulikuwa na mwalimu wa shule ya msingi kutoka Kondoa, mchunga ng'ombe wa Nzega ambaye hakuwahi kuvaa viatu vya kufunga kamba, na kijana wa Bunda aliyeweza kuota akitembea. Majina yao yamo kwenye mswada, hapa siyaweki, yana wenyewe. Wengi walikuwa mgambo waliotiwa jeshini miezi michache tu kabla ya kuvuka mpaka. Mjomba mwenyewe alikuwa ametoka kozi ya uofisa Monduli, luteni usu mwenye miaka 26, ya Bibi, au 28, ya jeshi.

Kutoka majina, nenda miguuni. Usicheke. Askari wa miguu ametembea, na mwenye kutembea anakumbuka viatu. Jeshi letu sehemu kubwa ya Uganda lililipita kwa miguu. Nilipouliza kuhusu buti, nilipata kurasa sita: malengelenge, soksi zilizokatwa kutoka mikono ya sweta, yule wa Nzega aliyening'iniza buti shingoni akatembea peku mpaka Masaka, na amri ambayo Mjomba aliitoa kila jioni kabla ya chakula, kila mtu avue, anyooshe miguu, naye apite na tochi akikagua kidole kwa kidole. Alijifunza hilo kwa sajini wake. Luteni mwenzake wa platuni ya pili alikuwa anakagua bunduki kwanza. Baada ya wiki mbili, platuni ile ilikuwa na watu saba wasioweza kutembea.

Kutoka miguuni, nenda tumboni na majini. Mjomba alikulia juu ya uwanda wa Makonde, mahali ambapo mama yake alikuwa akishuka bondeni alfajiri na kurudi mchana na ndoo moja. Walipopanda meli Mwanza kwenda Bukoba, alishusha kikombe kwa kamba akaonja. Ziwa halina chumvi! Alikaa ukingoni usiku kucha, anasema, akiwaza Bibi angesema nini. Na ndizi za Masaka: wa kusini walizila siku tatu wakiamini ni kitafunio, wakisubiri ugali.

Haya yanaonekana madogo. Lakini kupitia kwenye viatu na ndizi, mzee anafika mwenyewe pale ambapo wewe ulitaka kumburuta.

Akinyamaza

Mjomba alifika Lukaya ziara ya sita. Nilijua kwa sababu kidole chake kwenye ramani kilisimama.

Kama hujui: Lukaya ni kati ya Masaka na Kampala, na barabara inapita juu ya tuta linalokatiza kinamasi. Jioni ya tarehe 10 Machi 1979 brigedi ya 201, iliyokuwa na mgambo wengi, ilikutana hapo na jeshi la Amin likiwa na Walibya. Makombora ya Katyusha yakafunguliwa. Mengi yalipita juu, lakini watu ambao hawajawahi kuyasikia hawakungoja kujua yanaangukia wapi. Brigedi ikatawanyika kinamasini. Divisheni, chini ya Meja Jenerali David Musuguri, ikaigeuza brigedi ya 208 ili ipige kutoka ubavuni, na kesho yake Lukaya ikarudi mikononi mwetu. Hivyo ndivyo vitabu vinavyosema, nami nilikuwa nimesoma.

Nilichofanya ni kunyamaza. Ni kazi ngumu kwa mtu wa kusini, sisi kimya cha mgeni tunakijaza kwa chai. Lakini usijaze. Usimalizie sentensi yake. Usiseme "pole" mapema, maana ukishasema pole mazungumzo yamefungwa kama msiba uliokwisha kuzikwa. Mimi nilihesabu majani. Nilipofika mia na kitu, akasema kwa Kimakua, "Niliwapoteza." Halafu kwa Kiswahili, "Nilikwenda pale na watu thelathini na watatu. Kulipokucha nikahesabu kumi na wawili."

Angalia lugha hapo. Mambo ya kazi Mjomba aliyasema kwa Kiswahili cha jeshi. Mambo ya moyo kwa Kimakua. Mzee wako akibadili lugha, andika ileile aliyoitumia, tafsiri baadaye pembeni. Na usizime simu wala kuigusa. Mkono wako ukienda kwenye simu, ameshakumbuka kwamba anarekodiwa.

Alieleza alichofanya. Hakupiga kelele, adui alikuwa karibu. Alisimama mahali pamoja, mguu wa tuta, akaanza kuita majina kwa sauti ya kawaida, kwa mpangilio wa seksheni, kama anavyofanya asubuhi kambini. Akifika mwisho anarudi mwanzo. Wakaanza kutoka kwenye mafunjo mmoja mmoja, matope mpaka kifuani, mwingine hana bunduki, yule wa Nzega ana buti zake shingoni. Kufikia saa ya kurudi mbele walikuwa ishirini na saba. Wawili walionekana baadaye wakiwa na kombania nyingine. Wawili walikuwa wamejeruhiwa, wamepelekwa Masaka bila yeye kujua. Wawili hawakuonekana.

Daftari lake la majina lilikuwa kwenye mfuko wa shati. Maji ya kinamasi yalilifuta lote. Analo mpaka leo: karatasi zimegandana, zimekuwa rangi ya bluu iliyopauka, ukilifungua linakatika.

Sasa jambo la vitendo. Siku ya namna hiyo, acha hapo. Usiseme "na Kampala je?" Funga kaunta buku, omba akuonyeshe shamba. Sisi tulikwenda mpaka Shimo la Mungu, tukakaa ukingoni tukitazama bonde la Ruvuma na Msumbiji ng'ambo, akaniambia miaka ya mwanzo ya sabini alikaa na bunduki huko bondeni akisikiliza ndege za Wareno. Ilikuwa ni kurasa nne nyingine, na sikuwa nimeuliza chochote. Niliziandika usiku kwa taa ya simu.

Kama mzee halali baada ya mazungumzo, anapiga kelele usingizini, au amegoma kula, simamisha kazi kwa wiki kadhaa, wasiliana na mtu wa afya anayemwamini. Mswada unaweza kungoja.

Wasikilize na wengine

Mkaza mjomba alikuwa ananipitia na uji kila siku, nami kwa ujinga wangu nilidhani hana cha kusimulia kuhusu jeshi. Yeye ndiye aliyenipa sura nzima ya nyumbani: miezi saba bila barua, redio ya jirani iliyokuwa inakusanya mtaa mzima, na namna alivyorudi mume aliyelala sakafuni mpaka mwaka ukaisha, mgongo ukutani, uso mlangoni. Nilipomsomea Mjomba sehemu hiyo alimgeukia mkewe akasema, "Kumbe uliniona." Miaka arobaini wameishi nyumba moja.

Msumbiji ilikuja kwa mlango huohuo wa pembeni. Mwaka 1987 Mjomba alikuwa kapteni, kombania yake ikilinda mji na barabara Zambezia dhidi ya waasi wa Renamo. Huko watu wengi ni Walomwe, na Kilomwe kinakaribiana na Kimakua chetu. Kwa hiyo kamanda wa kombania ndiye aliyekuwa mkalimani, akikaa na akina mama sokoni kuuliza bei ya muhogo, na kwa bei ya muhogo anajua kama njia ya kijiji fulani iko salama: ikipanda ghafla, watu wameogopa kwenda shambani. Hakuna kozi iliyomfundisha hayo. Kuhusu waliokufa kule alisema kidogo. Julai 25, Siku ya Mashujaa, aliniomba nimpeleke Naliendele, kwenye makaburi ya mashujaa, akatembea mstari kwa mstari akisoma. Nilibaki getini.

Tafuta pia mwenzake aliyekuwa chini yake. Sisi tulimpata sajini mmoja Masasi, anauza vipuri vya baiskeli. Alipokuja Newala alisimama wima mlangoni, mzee wa miaka sabini na zaidi, hakukaa mpaka alipoambiwa. Hapo ndipo nilipojifunza kutomwita Mjomba "Mjomba" mbele ya watu wake. Siku hiyo alikuwa Afande. Walibishana saa nzima kama mvua ilinyesha Mpigi. Usiamue. Andika "Meja anasema ilinyesha, Sajini anasema haikunyesha." Wasomaji wa ukoo wamefurahia ukurasa huo kuliko mwingine wowote.

Ukikuta kosa la tarehe, usimsahihishe mdomoni. Mjomba alisema Masaka ni Februari 1978, jambo lisilowezekana. Niliiacha ile karatasi ya tarehe mezani nikaenda kuchota maji. Niliporudi alikuwa ameshaiona, akaniambia kwa ukali, "Mbona umeandika sabini na nane? Ni sabini na tisa."

Kuchapa

Upesi upesi. Sikiliza rekodi siku hiyohiyo, kesho utasahau alichoonyesha kwa mkono. Andika kwa nafsi yake, "mimi", na maneno yake. Usimpambe: Mjomba alisema "nilikimbia hatua kama thelathini, kisha nikasimama," nikaandika hivyohivyo, ingawa binamu yangu mmoja alitaka tuondoe neno nilikimbia. Mzee alikataa. Piga fotokopi hati ya kamisheni, barua za vyeo, cheti cha kustaafu, na upige picha nishani mbele na nyuma. Msomee mswada wote kwa sauti, macho ya wazee hayaamini herufi ndogo, na anachotaka kifutwe kifute bila kumdai sababu. Sisi tulifuta kurasa mbili. Kwangu pia zimefutwa, hata kwenye kompyuta.

Chapa nakala zaidi ya tatu na uzigawe nyumba tofauti. Mtwara hii chumvi ya baharini inakula kila kitu, na juu Newala kuna mchwa. Yetu moja iko kwenye sanduku la bati la Mkaza mjomba, pamoja na vitenge vyake, ndani ya mfuko wa nailoni wa salfa uliooshwa. Nyingine nimejitumia kwenye barua pepe.

Ukurasa wa mwisho hauna maandishi yangu. Ni mistari thelathini na mitatu, seksheni tatu, kwa mwandiko wake. Tulipobaindi ilikuwa na majina ishirini na sita, mengine ametia alama tu: "wa redio", "mrefu, Singida". Nikamwambia tungoje. Akasema chapa, nitakupigia.

Na anapiga. Hupiga usiku, hasalimii. Juzi ilikuwa saa tano na nusu, nimeshafunga chandarua. "Seksheni ya pili, mstari wa nne," akasema, akataja jina na jina la baba yake. Akanitajia herufi kwa herufi. Akaniuliza kama nimeandika. Nikasema ndiyo, Afande. Akakata simu.